Treni Nyingi, Njia Moja

Watu wengi hudhani kuwa treni ndogo za kuchezea ni jambo la watoto, na kwamba mwanachuoni hana la kutafuta humo. Dhana hiyo ina ukweli wake maadamu treni ni moja. Treni moja izungukayo juu ya duara la reli sebuleni haihitaji sheria wala mtawala: ikipewa nguvu hwenda, ikinyimwa husimama. Lakini treni ya pili iwekwapo juu ya reli zile zile, mchezo hubadilika mara moja. Sasa lazima ijulikane ni ipi itakayopita kwanza, ni ipi itakayongoja, ni nani atakayeamua, na itakuwaje endapo mwamuzi amesinzia. Maswali hayo manne ndiyo yaliyowasumbua wenye reli kubwa kwa miaka mingi, na katika reli kubwa majibu yake yalilipiwa kwa roho za watu. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi wapenzi wa reli ndogo wa Ulaya na Marekani walivyoyajibu maswali hayo katika muda wa karne moja na zaidi, tangu siku za treni za kamani mpaka siku za kompyuta. Nitajaribu kuonyesha kuwa kila walipodhani wameitupa kanuni ya kale ya reli, ile isemayo kuwa kipande kimoja cha njia ni cha treni moja tu, walilazimika kurudi kuiokota.

Historia yenyewe yaanza Ujerumani. Kiwanda cha Märklin, kilichoanzishwa katika mji wa Göppingen mwaka 1859, kilikuwa kikitengeneza vyombo vya jikoni vya bati kwa ajili ya wanasesere. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kilionyesha treni iliyotiwa nguvu kwa ufunguo, kama saa ya ukutani, pamoja na reli ambazo mnunuzi aliweza kuziongeza kidogo kidogo. Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa mfumo, kwani mtoto aliyepewa duara mwaka huu aliweza kupewa njia panda mwaka ujao, na stesheni mwaka wa tatu. Huko New York, mwanzoni mwa karne ya 20, Joshua Lionel Cowen alianza kuuza treni za umeme, na baada ya muda umeme ukaishinda kamani. Ukubwa nao ukapungua. Kipimo kilichopendwa kuliko vyote kikawa kile kiitwacho HO, ambacho kwacho kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa wake wa kweli, na nafasi iliyo baina ya reli mbili ni milimita 16.5. Mwaka 1935 wapenzi wa reli ndogo wa Marekani waliunda chama chao cha taifa, kijulikanacho kwa herufi NMRA, ili viwanda mbalimbali vipatane katika vipimo na treni ya kiwanda kimoja iweze kupita juu ya reli za kingine.

Njia iliyotumiwa na wengi kuziendesha treni hizi yafaa ielezwe vema, kwa sababu matatizo yote yaliyofuata yalitoka humo. Umeme wa volti 12 huingia katika reli moja, hupanda kwenye gurudumu, hupita ndani ya mota ya injini, kisha hurudi kwa reli ya pili. Volti zikiongezwa, treni huongeza mwendo. Waya zikibadilishana mahali, treni hurudi kinyumenyume. Kwa hiyo mwendeshaji haiamrishi treni, huiamrisha reli. Na injini zote zilizosimama juu ya reli hiyo hutii amri ile ile kwa wakati ule ule. Ni kama mwalimu aingiaye darasani na kusema, “Simama!” bila kutaja jina la mtu. Darasa zima litasimama, hata kama alimtaka mwanafunzi mmoja tu.

Kabla ya kueleza tiba iliyopatikana, hatuna budi kuitazama reli kubwa, maana huko ndiko tiba ilikotoka. Katika miaka ya mwanzo ya reli za Uingereza, treni zilitenganishwa kwa saa. Treni ya kwanza ikiisha kuondoka, mlinzi alihesabu dakika kadhaa, kisha akairuhusu ya pili kuifuata. Utaratibu huu ulitegemea jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha, nalo ni kwamba treni ya kwanza ingali inakwenda. Mwaka 1842 William Fothergill Cooke, mmoja wa waanzilishi wa simu ya maandishi huko Uingereza, alitoa kitabu kilichoshauri njia ya reli igawanywe vipande, na treni isiingie katika kipande mpaka habari ipelekwe kwa simu kuwa iliyotangulia imekwisha kutoka. Shauri lilikuwa jema, lakini lilikuwa na gharama, na makampuni mengi yaliendelea kuhesabu dakika.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh nchini Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao iliyokuwa ikienda matembezini ilishindwa kupanda mlima. Waongozi wake waliamua kuyakata mabehewa ya nyuma na kuyaacha mteremkoni, ili injini ipeleke kwanza yale ya mbele. Breki za treni ile zilikuwa za namna ambayo ikikatwa tu haishiki tena, na mawe yaliyotiwa chini ya magurudumu hayakutosha. Mabehewa yaliteremka kinyumenyume, yakaigonga treni ya pili iliyokuwa imeruhusiwa kufuata baada ya dakika chache. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha kugawanywa kwa njia katika vipande, na kutumiwa kwa breki zijifungazo zenyewe treni ikatikapo. Shauri lililokataliwa kwa ajili ya fedha miaka arobaini na saba kabla yake likawa amri baada ya mazishi.

Huko Marekani, William Robinson alikuwa amekwisha kwenda mbele zaidi. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa kilichoziwezesha reli zenyewe kutoa habari. Umeme mdogo hupitishwa katika reli mbili za kipande kimoja mpaka ukafika kwenye rilei, yaani swichi ishikwayo na sumaku ya umeme. Kipande kikiwa kitupu, umeme huishika rilei na ishara huruhusu kupita. Treni iingiapo, magurudumu na vyuma viyaunganishavyo huukatiza umeme kabla haujafika, rilei huachia, na ishara huonyesha hatari. Werevu wa Robinson ulikuwa katika jambo lililofichika kidogo. Waya ukikatika, ama betri ikiisha nguvu, ama reli ikivunjika, rilei huachia vile vile na ishara huonyesha hatari. Kifaa kisipokuwa na habari huhesabu kuwa njia haipitiki. Msomaji naalishike neno hili, maana tutalirudia.

Wapenzi wa reli ndogo waliichukua kanuni ya vipande kama ilivyo. Walizikata reli zao kwa msumeno mdogo, wakaacha pengo lisilopitisha umeme, na kila kipande wakakipa swichi yake. Kwa swichi hiyo kipande kiliweza kuunganishwa na mwendeshaji wa kwanza, au wa pili, au kisipewe mtu. Basi watu wawili waliweza kuendesha treni mbili juu ya meza moja, kila mmoja akikamata vipande vilivyo mbele ya treni yake na kuviachia vilivyo nyuma. Lakini kazi hii ilichosha. Aliyesahau kugeuza swichi aliona treni yake imesimama mpakani, au mbaya zaidi, imeingia katika mkono wa jirani na kuanza kwenda kwa amri zake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na meza ya waendeshaji kumi ilikuwa na swichi nyingi hata mtu akawa hatazami treni tena, anatazama swichi.

Kulikuwa na namna moja rahisi ya kuzifanya treni zijiongoze zenyewe. Waya zilipangwa ili treni iliyo katika kipande fulani ikate umeme wa kipande kilicho nyuma yake. Treni ifuatayo, ikikaribia mno, hujikuta haina nguvu na husimama mpaka ya mbele iondoke. Namna hii ilifaa katika duara ambalo treni zote zaelekea upande mmoja. Haikuwa na jibu kwa njia moja ambayo treni hukutana uso kwa uso, wala kwa stesheni ambayo treni kumi huja kutoka pande tatu. Hapo palihitajika kitu kiwezacho kukumbuka na kuchagua.

Kitu hicho kilipatikana mahali pasipotazamiwa. Chuo kikuu cha ufundi cha MIT, katika jimbo la Massachusetts, kilikuwa na jengo la mbao lililojengwa haraka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita. Liliitwa Jengo la 20, na ingawa lilikusudiwa kuwa la muda mfupi, halikubomolewa mpaka mwaka 1998. Humo ndani, baada ya vita, wanafunzi walianzisha klabu ya reli ndogo iitwayo Tech Model Railroad Club. Klabu ilikuwa na makundi mawili. Moja lilipenda milima ya karatasi, nyumba na miti, na kuziiga treni za kweli zilizofahamika katika historia. La pili, lililoitwa kamati ya ishara na nguvu, lilipenda kilichokuwa chini ya meza. Mlezi wa klabu, Carlton Tucker, alikuwa akisimamia simu za chuo, na kwa msaada wake vifaa vya simu vilivyotolewa na kampuni ya Western Electric vikafika chini ya meza ile. Kufikia mwaka 1962 palikuwa na rilei zipatazo 1,200.

Wazo la vijana hawa ni jepesi kueleza, ijapokuwa utekelezaji wake ulikuwa mgumu. Simu ya mji ina wapigaji wengi na waya chache. Kituo cha simu huunganisha mtu na mtu, na waya ulioshikwa na mmoja hapewi mwingine mpaka uachiliwe. Reli ndogo ina treni nyingi na vipande vichache, na kipande kilichoshikwa na mmoja hapewi mwingine mpaka kiachiliwe. Matatizo haya mawili ni ndugu wa baba mmoja. Basi wakatumia sahani za kupigia simu: mwendeshaji alizungusha tarakimu za kipande alichokitaka, rilei zikagongagonga chini ya meza, na umeme wake ukaelekezwa huko. Kazi ya kukumbuka nani ameshika nini ilitoka kichwani mwa mtu ikaingia katika sumaku na waya.

Habari mbili za klabu hii zastahili kukumbukwa na wanafunzi wa historia. Ya kwanza yahusu lugha. Katika mwaka 1959 mwanachama mmoja, Peter Samson, alikusanya kamusi ya maneno ya klabu, na miongoni mwake lilikuwamo neno “hack”, walilolitumia kwa kazi ya werevu ifanywayo kwa kuipenda. Ilipofika kompyuta ya TX-0 chuoni hapo mwaka 1958, na PDP-1 mwaka 1961, vijana wa reli walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikalia usiku kucha, wakalichukua neno lao pamoja nao. Hata mchezo wa Spacewar!, uliotungwa na Steve Russell na wenzake mwaka 1962, ulipata visanduku vyake vya kuchezea kutokana na vifaa vilivyookotwa katika chumba cha klabu. Neno lililosambaa baadaye duniani kote, mara kwa sifa na mara kwa lawama, lilitoka chini ya meza ya treni.

Habari ya pili yahusu usalama. Kuzunguka chumba kile palikuwa na swichi za hatari, na yeyote aliyeona treni yaelekea kwenye ajali aliweza kubonyeza moja na kusimamisha kila kitu. Saa ya klabu, nayo ikiendeshwa kwa rilei, ilisimama, na mahali pa tarakimu zake zikatokea herufi tatu, FOO, ili wote wajue. Jambo hili lafundisha. Haki ya kuendesha ilikuwa ya waendeshaji, na ilipangwa kwa utaratibu mkali; lakini haki ya kusema “simama” ilikuwa ya kila mtu aliyekuwamo chumbani, na haikungoja idhini.

Wakati huo huo wengine walianza kuitafuta njia tofauti kabisa. Waliuliza: kwa nini tuiamrishe reli, badala ya kuiita treni kwa jina lake? Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ya Marekani iliuza mfumo ulioitwa ASTRAC, ulioweza kuziamrisha treni tano, kila moja kwa mawimbi yake, juu ya reli ile ile. Ulikuja mapema kuliko wakati wake, kwa kuwa vifaa vya ndani ya injini vilikuwa vikubwa na ghali. Mwaka 1979 kampuni ya Hornby ya Uingereza ilitoa Zero 1, ya injini 16, iliyotumia kompyuta ndogo ya kipande kimoja. Katikati ya miaka ya 1980 Märklin nao wakatoa mfumo wao wa injini 80. Hatimaye Bernd Lenz wa mji wa Giessen, Ujerumani, alitunga lugha ya amri iliyoifaa reli ya waya mbili, na NMRA wakaichukua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwa msingi wa viwango vyao vijulikanavyo kwa herufi DCC. Kwa kufanya hivyo walihakikisha kuwa lugha ya treni haiwi mali ya kiwanda kimoja, na kila fundi aliweza kutengeneza kifaa chenye kuisema.

Katika mfumo huu umeme uko katika reli zote wakati wote, lakini hugeuzwa-geuzwa upesi mno, na katika kugeuzwa huko mna maneno. Mgeuko mfupi, ambao kila nusu yake yachukua sehemu 58 za milioni za sekunde, ni tarakimu moja; mgeuko mrefu, ambao nusu yake haipungui sehemu 100, ni sifuri. Kwa tarakimu hizi mbili kituo hutangaza nambari ya injini na amri yake: injini ya 12, punguza mwendo, injini ya 45, washa taa. Ndani ya kila injini mna kifaa kidogo kisomacho amri hizi, na hakitii ila iliyo na nambari yake. Mwalimu wetu sasa amejifunza majina ya wanafunzi wake.

Furaha ilikuwa kubwa. Wengi walitangaza kuwa enzi ya vipande imekwisha, swichi zing’olewe, na kila mtu aende apendako na treni yake. Kwa meza yenye waendeshaji wenye macho mazuri hilo lilikuwa kweli. Lakini uhuru huo ulifichua jambo. Zamani treni iliyoingia katika kipande kisicho chake aghalabu ilisimama kwa kukosa umeme. Sasa umeme ulikuwa kila mahali, na treni ambayo mwendeshaji wake amegeuza uso iliendelea kwenda mpaka ikutane na kitu. Majina hayazuii magongano. Tena mfumo ulivyotungwa kwanza ulikuwa wa upande mmoja: amri ilitoka, jibu halikurudi. Kituo kilijua kimeiambia injini ya 12 ipunguze mwendo. Hakikujua injini hiyo iko wapi, wala kama imesikia.

Kwa hiyo, wapenzi hawa walipotaka kompyuta ishike usukani wa treni nyingi, waliirudia misumeno yao. Reli zikakatwa tena vipande. Safari hii vipande havikuwa vya kugawa nguvu, vilikuwa vya kuleta habari. Kila kimoja kiliwekewa kipimaji kilichoangalia kama umeme wanywewa humo: ukinywewa, kuna injini, usiponywewa, ni kitupu. Vipimaji vya namna hiyo vilikuwapo tangu zamani, na Linn Westcott wa jarida la Model Railroader la Marekani alikuwa amechora kimoja mashuhuri katika miaka ya 1950. Programu nayo ilipewa sheria ambayo Cooke angaliitambua mara moja: treni iombe kipande cha mbele kabla ya kukiingia, ipewe ikiwa ni kitupu, na iachie cha nyuma mkia wake uishapo kutoka.

Lakini hapa pana kosa lililofichika, na ndilo kiini cha maneno yangu. Kipimaji cha reli ndogo ni kinyume cha kifaa cha Robinson. Kwa Robinson, umeme usipofika maana yake ni hatari. Katika reli ndogo, umeme usiponywewa maana yake ni usalama. Basi vumbi likifunika reli, ama waya ukilegea, injini iliyo pale mbele ya macho ya watu hutoweka katika hesabu ya kompyuta, na kompyuta humkaribisha mwingine mahali pale. Mabehewa yasiyo na mota hayanywi umeme kabisa. Yakikatika na kuachwa njiani, mashine huona kipande ni kitupu. Hii ndiyo Armagh juu ya meza: mabehewa yaliyoachwa nyuma, na treni inayoruhusiwa kuyafuata. Mafundi wenye busara walitafuta dawa mbili. Waliyapaka au kuyafunga magurudumu ya mabehewa kwa kitu kinywacho umeme kidogo, ili mkia nao uonekane. Tena waliifundisha programu kuwa treni haipotei. Ikitoweka katika kipande kimoja bila kutokea katika kipande jirani, kipande hicho kihesabiwe kuwa kina treni, na mambo yasimame mpaka mtu aje kuangalia. Kwa maneno mengine, waliirudisha kwa programu busara ambayo chuma cha Robinson kilikuwa nayo kwa maumbile.

Pana tatizo jingine, ambalo halina damu lakini lina mafundisho. Chukua stesheni mbili zilizounganishwa kwa njia moja, na kila stesheni ina nafasi ya treni mbili. Treni mbili zimo katika stesheni ya mashariki, zataka kwenda magharibi. Na mbili zimo magharibi, zataka kwenda mashariki. Njia ya katikati ni tupu, ishara zote ni nzima, na kila dereva aishika sheria. Lakini hakuna awezaye kuondoka, kwa sababu hakuna mahali pa kufikia. Zitakaa hivyo mpaka mwisho wa dunia. Programu iliyotazama kipande kimoja tu cha mbele haikosi kuingia katika mkwamo huu. Dawa ni kutotoa njia mpaka pawepo mahali pa kutokea, na kutojaza stesheni nafasi ya mwisho bila kufikiri.

Mkwamo huu huu uliwakuta wanaopanga kazi ndani ya kompyuta, ambamo programu nyingi hugombea kumbukumbu na vifaa vichache. Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeandika juu ya jambo hilo katika miaka ya 1960, alitumia chombo cha kuzizuia programu zisiingie pamoja mahali pa mmoja, na jina alilolichagua ni semafori, yaani ile nguzo ya mkono ya ishara za reli. Kwa hiyo reli ilikopesha kompyuta jina na wazo, na miaka mingi baadaye kompyuta ikalipa deni hilo kwa kuendesha reli ndogo.

Ulipofika mwisho wa karne ya 20 kazi hii haikuwa tena ya klabu kubwa peke yake. Bob Jacobsen, mwanafizikia wa California, pamoja na wenzake waliojitolea, walitunga programu iitwayo JMRI, wakaitoa bure kwa masharti kuwa aitumiaye kazi yao awataje na aonyeshe alichokibadilisha. Ukatokea ugomvi kati yake na mtengenezaji mwingine wa programu za treni, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, kuwa masharti ya namna hiyo yana nguvu ya sheria ya hakimiliki, ingawa kazi yenyewe haiuzwi. Uamuzi huo hutajwa hata leo na wanasheria wa programu huria ambao pengine hawajapata kuigusa treni ya kuchezea. Hii ni mara ya pili katika historia hii fupi kwa meza ya reli kutoa jambo lililoihusu dunia nzima.

Mfano mkubwa kuliko yote waonekana katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Mwaka 2001 ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua Miniatur Wunderland katika maghala ya kale ya bandari. Leo mna reli zenye urefu wa kilomita zipatazo 16, na treni zaidi ya 1,000, katika kipimo kile kile cha HO. Hapana idadi ya watu wenye mikono iwezayo kuziendesha zote kwa saa zote za siku. Kompyuta ndizo zifanyazo. Hata hivyo hapakosekani chumba cha waangalizi, watu wakaao mbele ya vioo vya kamera, ambao treni ikitoka relini au ikikwama huondoka wakaenda kuitazama. Mashine imechukua kazi ya kugawa njia, wala haikuchukua kazi ya kuwa na shaka.

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kuuliza haya yatuhusu nini, sisi ambao reli kwetu haikuwa mchezo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914, zilijengwa kwa njia moja, na treni zikapishana katika stesheni. Kwa hiyo tatizo la njia moja na treni nyingi twalijua kuliko wale wenye njia mbili. Tena twalijua kwa machozi. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi kinyumenyume kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Walikufa watu 281. Sisemi kuwa kifaa kimoja kingaliuzuia msiba ule, kwani misiba mikubwa haina sababu moja. Nasema tu kwamba miaka 113 baada ya Armagh, mlima, mabehewa yaliyorudi nyuma, na treni iliyokuwapo chini yalikutana tena, na waliokuwamo walikuwa watu wetu.

Sasa nchi zetu zimo katika kujenga reli mpya. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kompyuta zitazidi kupewa kazi ambazo jana zilikuwa za mtu mwenye bendera. Vijana wetu wa vyuo vikuu ndio watakaozitunga, kuzinunua au kuzikagua. Kwao reli ndogo yaweza kuwa shule ya bei nafuu, maana makosa ambayo juu ya meza huangusha behewa la plastiki ni yale yale ambayo nje huua. Na mkaguzi aketipo mbele ya mtambo mpya, swali la kwanza analopaswa kuliuliza ni lile ambalo Robinson alilijibu mwaka 1872: mtambo huu usipojua treni iko wapi, utaruhusu au utazuia? Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo waziwazi, basi na arudi na mtambo wake mpaka atakapolijibu.